Mwanamke Chini ya Kofia

Mara ya kwanza niliiona picha hii kwa simu, nikiwa ndani ya matatu. Mwanamke amevaa kofia kubwa kama kapu la matunda. Pua ina kijani, shingo ina rangi ya chungwa. Nikacheka. Nikadhani ni mtoto wa nasari amepewa brashi.

Kumbe nilikuwa nimechelewa. Watu wa Paris waliicheka mwaka wa 1905, Henri Matisse alipoitundika kwenye maonyesho ya Salon d'Automne. Mhakiki Louis Vauxcelles aliwaita wachoraji wa chumba hicho "fauves", yaani wanyama wa mwituni. Jina likawaganda hadi leo. Kosa lao? Rangi. Badala ya kufuata macho yanavyoona, walifuata moyo unavyohisi.

Hadithi nyingi za picha hii huishia hapo: Matisse shujaa, wakosoaji wajinga. Lakini mimi nilitaka kujua jambo moja: huyu mama ni nani?

Ni mkewe, Amélie Parayre. Walioana mwaka wa 1898, Matisse akiwa hana jina wala hela. Tayari alikuwa na binti, Marguerite, aliyezaa na mwanamke mwingine. Amélie alimlea kama wake. Mwaka wa 1899 akafungua duka la kofia mjini Paris, na duka hilo likawa nguzo ya nyumba mumewe akiendelea kuchora picha ambazo wachache walizitaka.

Kisha mwaka wa 1902 mambo yakaharibika. Wazazi wake walikuwa wakimfanyia kazi Thérèse Humbert, tapeli aliyekopa mamilioni kwa kisingizio cha urithi ambao haukuwepo. Kashfa ilipolipuka, wazazi waliumbuka pamoja naye ingawa hawakuwa na hatia. Duka la kofia nalo likafungwa.

Sasa itazame tena ile kofia. Hiyo si pambo tu bana. Hiyo ni kazi yake.

Familia ya Stein, Wamarekani waliokuwa wakiishi Paris, ilipotaka kununua picha, ilitoa bei ya chini. Gertrude Stein alisimulia kwamba Matisse alikuwa tayari kukubali, lakini Amélie akakataa katakata: bei ni faranga 500, basi. Wakalipa 500. Alijua kuuza, huyo.

Waliachana mwaka wa 1939, baada ya miaka zaidi ya 40. Mwaka wa 1944 Gestapo walimkamata Amélie kwa kuwasaidia wapiganaji waliopinga Wajerumani, akafungwa miezi kadhaa. Marguerite naye alikamatwa na kuteswa. Wote wawili walinusurika. Leo picha iko katika jumba la makumbusho la sanaa mjini San Francisco, na jina lake ni "Mwanamke Mwenye Kofia". Si Amélie.

Nyumbani kwetu baba alikuwa mpiga gitaa. Wageni wakija, humsifu yeye. Mama alikuwa na cherehani Gikomba, na kodi ya nyumba, karo, hata nyuzi za lile gitaa zilitoka hapo. Tuna picha yake moja tu akiwa kazini, ameinama, uso hauonekani vizuri.

Wikendi hii nitaenda kumpiga nyingine. Na chini yake nitaandika jina lake.