York: mji uliojengwa na wageni

Ukiwauliza watu wengi ni lini watu weusi walianza kuishi Uingereza, watakutajia mwaka 1948 na meli ya Windrush iliyowaleta wenzetu kutoka Karibi. Nenda York, ndugu yangu, halafu tuongee upya.

York iko kaskazini mwa England, kama saa mbili kwa treni kutoka London, pale mto Ouse unapokutana na mto Foss. Siku hizi wageni wengi wanaofika na familia zao hawalali hotelini. Wanachukua apatimenti za kukodi kwa siku: kuna sebule, jiko lenye vyombo vyote, mashine ya kufulia, na mtu wa kufanya usafi. Nyingi hazina mapokezi. Unatumiwa namba za siri, unabonyeza mlangoni, unaingia. Si hoteli, si gesti. Ukibeba unga wako unasonga ugali, hakuna wa kukuuliza. Na nyingi ziko katikati ya mji mkongwe, hatua chache kutoka mtoni. Nilikaa hivyo siku chache, na swali lililonisumbua ni moja tu: kabla yangu walilala nani hapa?

Jibu ni refu. Mji wenyewe ulianzishwa na wageni. Mwaka 71 Jeshi la Tisa la Warumi lilijenga ngome kando ya Ouse, pakaitwa Eboracum. Mto ndio uliokuwa barabara ya kuelekea baharini. Mwaka 208 akaja Uingereza mgeni mzito kuliko wote, Kaizari Septimius Severus, akaifanya York kituo chake cha kuendeshea vita dhidi ya makabila ya Scotland. Huyu bwana alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Naam, mzaliwa wa Afrika ndiye aliyekuwa mtawala wa dola yote ya Rumi, na akifuatilia mambo ya dola hiyo kutoka ukingo wa Ouse. Alifia hapo hapo York mwaka 211.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1901 lilifukuliwa York jeneza la mawe la mwanamke kijana wa karne ya 4. Alizikwa na bangili za pembe za ndovu, bangili za jiwe jeusi la Yorkshire, shanga na kioo cha kujitazamia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walitangaza kwamba, kwa vipimo vya mifupa na meno, huenda alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Vitu alivyozikwa navyo si vya mtumwa. Ni vya mtu mwenye uwezo.

Baada ya Warumi kuondoka wakaja wengine. Mwaka 866 Waviking waliuteka mji, wakauita Jorvik, na alama yao ungali unaikanyaga kila siku. Mitaa inaishia na "gate", neno la Waviking lenye maana ya mtaa: Coppergate, Stonegate. Malango ya ukuta ndiyo yanaitwa "bar". Kwa hiyo ukielekezwa Micklegate Bar usiende na kiu, hakuna bia pale!

Ila tusiusifu mji kupita kiasi. Wageni hawakupokelewa vizuri siku zote. Machi 1190 Wayahudi wa York, kama watu 150, walikimbilia kwenye ngome ya mfalme wakifukuzwa na umati. Wengi walijiua, waliobaki wakauawa. Mahali hapo leo pana mnara uitwao Clifford's Tower, na watalii hupanda kupiga picha. Ukipanda, simama kwanza ukumbuke.

Reli ilipofika mwaka 1839 wageni wa aina nyingine walianza kumiminika, wanaokuja kutembea na kurudi kwao. Mwaka 1878 ikafunguliwa hoteli kubwa kando ya stesheni kwa ajili yao. Apatimenti za leo ni mwendelezo wa biashara hiyo hiyo, na zina lawama zake: wenyeji wanalalamika kwamba nyumba zinazokodishwa kwa watalii zinapunguza za wao kuishi, na kodi inapanda. Hoja hiyo ina uzito. Mji ukigeuka wa wageni watupu, nani atabaki kuwa mwenyeji?

Ushauri mdogo kwa msafiri: kabla hujalipa, uliza fleti iko ghorofa ya ngapi. Ouse hufurika. Novemba 2000 maji yalipanda zaidi ya mita 5 juu ya kiwango cha kawaida, na kuna baa moja kando ya mto iliyoweka alama za mafuriko yake ukutani.

Mimi shuleni nilisoma Warumi kama habari ya Ulaya peke yake. Severus sikutajiwa. Kwa hiyo siku ukiwa pale kando ya Ouse, mtu akakuuliza "lakini hasa hasa umetoka wapi?", mjibu kwa adabu. Kisha muulize na yeye, wazee wake walifika York mwaka gani? Maana Mwafrika alikuwepo mwaka 208, na wala hakuja kuomba kazi.