Jeni za Usugu na Ukimya wa Kumbukumbu: Kuisoma Muhimbili kutoka Kilosa na Mikumi

Historia ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa nchini Tanzania imetokana zaidi na sampuli za hospitali kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto wenye maambukizi ya damu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ulibaini jeni za CTX-M-15 na TEM-63, zinazowapa bakteria vimeng'enya vya kuvunja dawa za jamii ya sefalosporini. Miongoni mwa watoto waliokuwa na bakteria wa aina hiyo, asilimia 71 walifariki.

Je, matokeo hayo yanaisemea Kilosa? Jeni hizo aghalabu hubebwa na plazimidi, hivyo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Wagonjwa nao husafiri, Kilosa ikiwa kwenye Reli ya Kati na Mikumi kwenye barabara kuu iendayo Zambia. Hata hivyo, kuwapo kwa njia si ushahidi wa safari. Jeni hujulikana pale tu sampuli zinapochunguzwa maabara. Daftari la wodi linalotaja homa na dawa bila kutaja kimelea haliwezi kumweleza mwanahistoria kwa nini mtoto hakupona. Kwa hiyo, ukimya wa kumbukumbu za wilaya usisomwe kama dalili ya usalama.