Kinywa kipi kinakufaa? Mwongozo kwa wapigaji tromboni wa Kitengela na Kajiado

KIJANA wa Kitengela anayetaka kununua kinywa cha tromboni aghalabu hulazimika kufunga safari ya kilomita 30 hivi hadi jijini Nairobi. Mwenzake wa Kajiado mjini husafiri karibu kilomita 80. Wakifika dukani husimama mbele ya kabati la kioo lenye vipande vya chuma vinavyofanana kama mapacha, kila kimoja kikiwa kimechorwa nambari na herufi ambazo hakuna anayezieleza. Akikosea, nauli na akiba ya miezi kadhaa zimepotea, naye hurejea nyumbani na kitu ambacho huenda hata kisiingie kwenye ala yake.

Kinywa tunachokizungumzia ni kile kipande kinachochomolewa, ambacho mpigaji hukibandika midomoni ili kupuliza. Ndicho sehemu ndogo kabisa ya tromboni, na ndicho kinachoamua mambo mengi: mpigaji atachoka baada ya muda gani, atafikia sauti za juu kwa wepesi au kwa taabu, na ala italia kwa sauti kali au nzito. Kwa kijana anayenuia kujiunga na bendi ya polisi, ya jeshi au ya magereza, ambako atatakiwa kupuliza mbele ya wanaomsaili, hilo si jambo dogo.

Jambo la kwanza kutazama si nambari, bali shina, yaani sehemu nyembamba inayoingia ndani ya mrija. Tromboni za tena huja kwa mashina ya aina mbili kuu, dogo na kubwa. Ala ambazo mrija wake una upana wa ndani wa milimita 12.7 au zaidi kidogo, kama zile wanazoanzia wanafunzi wengi, hutumia shina dogo. Zile pana, zenye milimita 13.9 hivi, hutumia shina kubwa, na ndivyo zilivyo tromboni za besi pia. Shina kubwa haliingii kabisa katika ala ndogo. Shina dogo huingia katika ala kubwa, lakini huzama kupita kiasi na kucheza-cheza, na hapo ala hukosa kukaa katika sauti hata mpigaji akijitahidi vipi. Yufoniamu kuukuu za Besson, ambazo bado zinapulizwa katika bendi kadhaa, zina shina la tatu la ukubwa wa kati; kwa hivyo anayepiga ala zote mbili asidhani kuwa kinywa kimoja kitamtosha.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi: nenda dukani na ala yako. Ingiza kinywa kwa upole ukikizungusha kidogo. Kinapaswa kuingia takriban sentimita mbili na nusu kisha kishike bila kutikisika. Kikitikisika, mrudishie mwenye duka, hata akuapie kwamba kitazoea.

Baada ya shina, ndipo tugeukie nambari. Mfumo unaojulikana zaidi ni ule wa Bach, kampuni iliyoanzishwa mjini New York mnamo 1918. Katika mfumo huo nambari ndogo humaanisha kikombe kipana. Kinywa cha 12C kina upana wa milimita 24.5 hivi, 6½AL kina milimita 25.4, 5G kinakizidi kwa kiasi kidogo mno, 4G kina milimita 26, na 1½G, cha tromboni ya besi, kina milimita 27 hivi. Yamaha nao wameupindua utaratibu huo, kwani kwao nambari kubwa ndiyo pana: 48 yao hukaribiana na 6½AL, na 51 yao hukaribiana na 5G. Anayebadilisha kampuni pasipo kulijua hili huishia kununua kinyume cha alichokitaka.

Msomaji atauliza: tofauti ya milimita mbili na nusu baina ya kinywa chembamba kabisa na kipana kabisa ni kitu gani? Kwa midomo, ni kitu kikubwa. Nyama inayotetemeka ndani ya ukingo ndiyo inayozaa sauti. Ikiwa nyingi, sauti huwa pana na noti za chini huja kwa urahisi, lakini misuli hufanya kazi zaidi na kuchoka mapema. Kina cha kikombe nacho kina kazi yake: kikombe kifupi hutoa sauti kali inayopenya, kirefu hutoa sauti ya mviringo iliyotulia.

Miongozo mingi huandikwa kwa kumfikiria mpigaji wa okestra aliyeketi ukumbini, kwenye kiti kizuri, na taa juu ya karatasi yake. Ala za shaba hazikuja kwetu kwa njia hiyo. Pwani, bendi za beni zilikuwa zikishindana Lamu na Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi nchini Kenya mnamo 1921, lilieneza bendi za maandamano hadi vijijini. Mpigaji wetu kwa kawaida husimama au hutembea, tena nje, na Jumapili hiyo hiyo huenda akapiga maandamano asubuhi, nyimbo za ibada adhuhuri, na mazishi alasiri. Anayempa ushauri wa okestra hamsaidii.

Tuanze na maandamano, kwa kuwa ndiyo yanayoumiza watu. Nje ya lami, barabara za Kitengela zina mawe na makorongo, na kila hatua mbaya hukigongesha kinywa kwenye midomo na meno. Ukingo mwembamba wenye makali hukata. Tafuta wenye unene wa wastani uliochongwa mviringo. Epuka pia kikombe kipana mno, maana katika uwanja wazi, tuseme Ildamat mjini Kajiado upepo unapovuma, mpigaji hajisikii vizuri na hupuliza kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mwenye 4G atakuwa amechoka kabla gwaride halijafika jukwaani. Kwa kazi hii 6½AL inatosha, na mwenye midomo myembamba anaweza hata kushuka hadi 7C.

Ndani ya kanisa la mabati mambo hugeuka. Paa lenyewe hurudisha sauti kali, na kikombe kifupi huigeuza ibada kuwa ugomvi kati ya tromboni na kwaya. Hapa 5G katika ala pana, au 6½AL kwa mwenye ala ndogo, hutoa sauti inayobeba waimbaji badala ya kuwafunika. Mazishini ni vivyo hivyo, ila kuna ugumu wa ziada wa noti ndefu zinazopigwa polepole na kwa sauti ya chini, mpigaji akiwa amesimama juani kwa saa nzima. Kikombe chenye kina humsaidia kuanza noti kwa upole.

Katika bendi za harusi na jazi, zenye gitaa la umeme na vipaza sauti, 12C katika tromboni ndogo ndiyo huchaguliwa sana, kwa kuwa sauti yake hupenya na hukaa juu kwa muda mrefu bila midomo kuzidiwa. Kipaza sauti kikiwapo, hakuna haja ya kununua ukubwa. Mpigaji wa besi hana mjadala mrefu: aanzie 1½G, asikubali kupewa kinywa cha tena ati kwa sababu ndicho kilichobaki kabatini.

Je, mtu awe navyo vyote? Kwa maoni yangu, la. Mwenye uwezo wa kununua kimoja tu achukue 6½AL. Hutengenezwa kwa shina dogo na kwa shina kubwa, na ndicho kinachokosea kidogo zaidi katika kazi zote tulizozitaja. Kubadilisha vinywa kila wiki kwa sababu noti za juu zimekataa ni kujidanganya. Mara nyingi kilichokosekana ni pumzi na mazoezi ya noti ndefu. Kinywa kipya kipewe angalau wiki mbili kabla ya kuhukumiwa, kwani siku ya kwanza kila kipya huonekana kitamu.

Kuhusu madini, vinywa vingi ni vya shaba iliyopakwa fedha. Fedha ikichakaa na shaba kuonekana ukingoni, ngozi ya baadhi ya watu huwasha au kuvimba. Hapo kinywa kipakwe upya, au mhusika atumie cha dhahabu au cha plastiki. Cha plastiki si cha kudharauliwa. Asubuhi za Julai, kwenye nyanda hizi zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chuma huwa baridi kiasi cha kufisha midomo ganzi, ilhali plastiki haina adha hiyo. Mwenye cha chuma akiweke mfukoni au akifumbate kiganjani dakika chache kabla ya kuanza. Na akumbuke kuwa ala yenyewe ikiwa baridi sauti yake hushuka, na ikichomwa na jua la mchana hupanda, hivyo asikilaumu kinywa kwa kosa la hali ya hewa.

Usikipige kinywa kwa kiganja ili kitoe mlio. Ndivyo kinavyokwama. Katika shule moja ya bweni nilikosoma, kinywa cha tromboni yetu ya pekee kilikwama wiki ya mashindano, na mwalimu aliyekuwa zamu akaagiza koleo kutoka karakana. Kinywa kilitoka, pamoja na kipande cha mrija. Sikupiga tromboni tena hadi nilipomaliza shule. Kipo kifaa maalumu cha kuvutia vinywa vilivyokwama, nacho mafundi wa ala za bendi huwa nacho. Bendi mbili au tatu za Kitengela zinaweza kuchangishana na kununua kimoja.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi nyembamba, walau mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi vumbi la kiangazi linapokuwa jingi. Pale wanafunzi kadhaa wanapotumia ala moja, kila mmoja awe na kinywa chake. Shule isipoweza kumudu, basi kioshwe kwa sabuni kabla ya kupokezanwa. Kukifuta kwa kipindo cha shati hakutoshi.