Na hilo baibui utaliweka wapi? Hadithi ya baiskeli ya mwanamke mpaka haibridi ya kwendea kazini



Wiki mbili zilizopita nilikuwa Fuoni, kwenye kikao cha kupanga begi la bi harusi. Kanga, udi, viatu, seti ya dhahabu, vyote vilishaandikwa. Mwishoni shangazi mmoja akamuuliza bi harusi mwenyewe kama kuna kilichosahauliwa. Binti ni mwalimu, na kila siku ya kazi anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Akajibu kwa sauti ndogo: "Baiskeli." Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha mama mmoja mtu mzima, asiyecheka, akauliza: "Na hilo baibui utaliweka wapi, mwanangu?"

Nililichukua swali lile nikaenda nalo nyumbani, maana ni swali la haki. Nguo ndefu ikiingia kwenye cheni, mwenye nguo anakwenda chini. Mimi mwenyewe ninayo alama kwenye goti la kushoto tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na juba lililochanika siku ile mama alilifanya vitambaa vya jikoni. Lakini nilipoanza kusoma historia ya chombo hiki niligundua kwamba mama yule hakuwa wa kwanza kuuliza. Wametangulia watu wa Uingereza na Marekani, zaidi ya miaka 130 iliyopita, wakati wanawake wao walipovaa sketi za kugusa vifundo vya miguu. Na mafundi wa wakati ule walilijibu.

Mwanzoni baiskeli haikuwa yetu kabisa. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alipita mitaa ya Mannheim juu ya magurudumu mawili ya mbao, akijisukuma kwa miguu kama mtu anayekimbia huku amekaa. Katika miaka ya 1870 ikaja ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Mpandaji alikaa juu kabisa, na akianguka alianguka kichwa mbele. Mwenye sketi angepandia wapi pale? Wanawake wenye uwezo walinunua za magurudumu matatu. Malkia Victoria naye aliagiza za namna hiyo mwaka 1881.

Mambo yalibadilika mwaka 1885. John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma. Ndiyo baiskeli tunayoijua mpaka leo. Miaka michache baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akatengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya kibaiskeli cha mwanawe. Sasa chombo kilikuwa chini na kilikuwa laini. Yalibaki mambo matatu tu ya kumzuia mwanamke: lile bomba la juu linalotoka kwenye kiti kwenda kwenye usukani, cheni, na spoki za gurudumu la nyuma.

Kabla miaka ya 1880 haijaisha, mafundi walikuwa wameshaliteremsha bomba la juu, mpandaji apitishe mguu bila kuunyanyua. Cheni wakaifungia ndani ya kava. Gurudumu la nyuma wakalisukia nyuzi kutoka kwenye madigadi mpaka katikati ya gurudumu, mfano wa wavu, ili sketi iteleze juu yake isiingie ndani. Dada zangu, siku nilipoiona picha ya wavu ule nilishika goti langu la kushoto. Kumbe dawa ilikuwepo miaka mia kabla sijaanguka!

Sitara ile ilikuwa na bei yake, nayo ni uzito. Hapo anaingia Annie Cohen Kopchovsky, mama wa watoto watatu wadogo, aliyeondoka Boston mwezi Juni 1894 akitaka kuizunguka dunia kwa baiskeli. Kampuni moja ya maji ya kunywa ilimlipa dola 100 abebe jina lake, ndiyo maana anajulikana kama Annie Londonderry. Alianza na sketi ndefu na baiskeli ya kike yenye uzito wa kilo 19 hivi. Alipofika Chicago alikuwa amechoka, karibu akate tamaa. Akaibadilisha kwa baiskeli ya kiume yenye nusu ya uzito ule, akabadilisha na mavazi, akaendelea na safari, mara kwa meli mara kwa baiskeli, akarudi Chicago Septemba 1895. Sisi mavazi hatubadilishi. Lakini somo la kilo lile nalichukua lote, na nitalirudia chini.

Maneno ya watu nayo hayakukosekana. Madaktari walionya juu ya "uso wa baiskeli", eti mwanamke akiendesha sana uso unakakamaa na macho yanamtoka. Mei 1897, wanafunzi wa kiume wa Cambridge walipopinga wanawake kupewa shahada, walitundika juu ya barabara sanamu ya mwanamke aliyepanda baiskeli. Kura ilipigwa, wanawake wakashindwa, na shahada kamili za chuo kile wakazipata mwaka 1948. Najiuliza mpaka leo: baiskeli na shahada vina uhusiano gani? Nadhani wenyewe waliujua. Mwanamke anayefika anakokwenda bila kusubiri kubebwa aliwatisha.

Kwetu Waislamu mwanamke kupanda kipando si jambo geni. Ummu Haram binti Milhan (R.A.), sahaba wa Mtume (S.A.W.), alivuka bahari na jeshi, akafariki baada ya kuangushwa na mnyama aliyempanda, kaburi linalonasibishwa naye lipo kisiwani Cyprus. Na mwaka 2013 magazeti ya Saudi Arabia yaliandika kuwa wanawake wameruhusiwa kuendesha baiskeli kwenye bustani kwa kujiburudisha, wakiwa na sitara na mahram. Hiyo ni baada tu ya filamu ya Wadjda ya Haifaa al-Mansour, ya msichana wa Riyadh anayetafuta pesa za kununua baiskeli.

Haya, haibridi imetoka wapi? Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walikuwa wakiteremka milima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Kutokana na mchezo ule ikazaliwa baiskeli ya milimani, na kuanzia 1981 zikaanza kutengenezwa kwa wingi viwandani. Watu wa mijini wakazipenda kwa sababu unakaa wima na breki zinashika. Lakini kwenye lami zilikuwa nzito, matairi yanavuma kama nyuki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vikachanganya: magurudumu makubwa membamba ya baiskeli za lami, usukani mnyoofu na gia za zile za milimani. Mseto huo ndio haibridi.

Tatizo ni kwamba haibridi ni mtoto wa vijana wa suruali. Nyingi zinauzwa tupu: hazina kava ya cheni, madigadi, keria wala wavu. Yale waliyoyajua mafundi wa 1890 yamesahauliwa. Waholanzi na Wajapani hawakuyasahau. Zile baiskeli za Kijapani za kikapu mbele, zinazokuja Tanzania kama mitumba, zina bomba la chini na kava ya cheni. Kwa safari fupi ya sokoni sina neno nazo. Kwa anayetoka Bububu kwenda Mjini, kilomita kama 10, huku upepo wa kusi unampiga usoni, uzito wake utamchosha kama ulivyomchosha Annie.

Kwa hiyo nilimwambia bi harusi wetu atafute haibridi iliyotumika, yenye bomba la kushuka na gia moja tu mbele. Nyuma zikiwa saba zinatosha sana, kisiwa chetu si milima. Gia moja mbele ndiyo inayokuruhusu kufunga kava ya cheni. Zikiwa tatu, kava nyingi hazikai. Zile springi za mbele kwenye baiskeli za bei rahisi asizilipie, ni chuma cha kubeba bure. Breki ziwe za mipira inayobana rimu, kwa sababu fundi wa mtaani anaziweza na vipuri vyake ni rahisi. Ainyanyue kwa mkono mmoja mbele ya muuzaji. Ikimshinda pale dukani, itamshinda na kwenye ngazi za nyumbani.

Kuna jambo moja linalowaumiza wengi. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba, kwa mfano 37-622. Ile ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Haibridi nyingi ni 622. Phoenix za babu zetu, zile za inchi 28, ni 635, na Mjapani wa inchi 26 mara nyingi ni 590. Haziingiliani hata kwa dua. Kabla hujatoa pesa, nenda kwa fundi wa mtaa wako umuulize kama tairi la namba ile analo au anaweza kulipata, vinginevyo pancha kubwa moja itakurudisha kwenye daladala. Namba ya kwanza ni upana. Barabara zetu na mchanga wake zinataka 38 au zaidi kidogo.

Fremu ya alumini haili kutu, lakini cheni na nati zitaliwa na chumvi ya bahari, basi chupa ya mafuta iwe karibu na mlango. Wavu wa gurudumu tuliusuka wenyewe, kwa uzi wa kuvulia na matundu madogo kwenye madigadi, barazani kwa shangazi. Baibui la kuendeshea amelishona upya, pindo fupi kidogo lisiburure na suruali pana chini yake. Mama yule wa kwenye kikao alikuja kulipima kwa macho, akalivuta pindo, akalipeleka kwenye spoki kwa mkono wake. Halikuingia. Akajaribu tena upande wa pili.

Bwana harusi ameshapelekewa habari. Alichouliza ni rangi tu.