Hadi diski: kutoka mashine ya tani moja mpaka tasnifu yako

Najua wengi wenu mwezi huu mna kazi moja tu, tasnifu. Basi leo naweka pembeni stori za kantini, tuongelee kidude kinachotunza hiyo tasnifu.

Hadi diski ya kwanza kuuzwa ilitoka kwa IBM mwaka 1956, kazi ya timu ya Reynold Johnson kule San Jose, California. Ilikuwa sehemu ya kompyuta iliyoitwa RAMAC. Jamani, lile lilikuwa dubwana! Sahani 50 za alumini zimepangwa juu kwa juu, kila moja na upana wa sentimita 61, uzito wa mashine karibu tani moja. Na humo ndani ziliingia herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu yaweza kuzimaliza zote.

Ila kabla hujacheka, jiulize watu walikuwa wanateseka vipi kabla yake. Taarifa zilikaa kwenye kadi za matundu na kwenye tepu. Ukitaka kitu kilichoko mwisho wa tepu, sharti uizungushe yote. RAMAC ilikwenda moja kwa moja kwenye sahani inayotakiwa, kama mtu anayefungua kitabu ukurasa anaoutaka. Hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Ugumu ulikuwa kwenye kichwa cha kusomea. Kichwa lazima kiwe karibu sana na sahani ili kisome sumaku yake, lakini kikiigusa, kinaikwaruza. RAMAC ilitumia hewa ya kupulizwa kwa pampu ili kichwa kisiguse. Mwaka 1961 IBM wakaja na modeli ya 1301, ambayo vichwa vyake vilielea kwenye hewa iliyovutwa na mzunguko wa sahani zenyewe. Mwaka 1973 ikaja 3340, maarufu kama Winchester, ambapo sahani na vichwa vilifungiwa pamoja ndani ya kasha ili vumbi lisiingie. Mwaka 1980 Seagate wakatoa diski ndogo ya megabaiti 5 kwa ajili ya kompyuta za mezani. Ujazo ni kama wa lile dubwana, ila hii unaibeba mkononi.

Sasa angalieni hapa. Kila walipotaka ujazo uongezeke, kichwa kilisogezwa karibu zaidi na sahani. Kwenye diski za leo nafasi hiyo ni nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una maelfu ya nanomita. Ndiyo maana laptopu yenye diski ya kuzunguka ikidondoka inafanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza sahani, na ulichoandika hapo hakirudi.

Jirani yangu hapa hosteli yamemkuta. Mashine ilianza kugonga "tik tik", ikagoma kuwaka. Sura nne na majibu ya madodoso yote yalikuwa humo, hana nakala popote. Kwa sasa anaandika upya, na siku ya kukusanya haijasogezwa.

Msiseme mtasubiri dalili. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya theluthi moja ya zile zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote ya maana kwenye mfumo wake wa kujipima. Na wenye SSD msijidai. Ni kweli haina sahani wala kichwa, lakini nayo hufa, tena mara nyingi kimyakimya.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1998 Pixar walifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Kwenda kwenye nakala zao za akiba, wakakuta hazifai. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Filamu ikatoka mwaka 1999.

Kwa hiyo wadau, miaka yote hii hakuna aliyetengeneza diski isiyokufa. Dawa ni nakala:

1. Weka kazi yako sehemu tatu: kwenye mashine, kwenye fleshi au diski ya nje, na kwenye intaneti (hata kujitumia kwa barua pepe inatosha).
2. Fleshi usiiweke begi moja na laptopu. Mwizi habagui.
3. Ifungue nakala yako, uone kama inasomeka. Pixar walikuwa nazo, hazikufaa kitu.
4. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, acha kuandika chochote kwenye diski hiyo. Kwenye diski ya kuzunguka, kwa kawaida kinachofutwa kwanza ni anwani tu, faili lenyewe bado lipo mpaka liandikwe juu yake.

Ukimaliza kusoma, chomeka fleshi kwanza ndipo uache maoni. Tuko pamoja!