Amplifaya ya nguvu
Kifaa kinachokuza mawimbi hafifu ya sauti kutoka kwenye mikisa hadi yaweze kusukuma spika. Amplifaya za daraja la AB ni nzito na hutoa joto jingi. Za daraja la D hula umeme kidogo, hivyo hulifaa zaidi jenereta dogo la harusi, tuseme huko Chunyu, wilayani Ruangwa. Waya kutoka kwenye mikisa huingia kwa kiunganishi cha XLR: pini 1 ni ya ardhi, 2 na 3 hubeba wimbi moja, upande mmoja likiwa limegeuzwa, ili kelele zilizonaswa njiani zifutane. Kiunganishi cha RCA hakina kinga hiyo, na mngurumo wa hezi 50 husikika upesi. Baadhi ya mafundi huuzima kwa kukata ardhi ya plagi ya umeme. Huko ni kuchezea kifo.