Mtoto wa Meza Hutaja Umri Wake

Ukitaka kujua umri wa kabati la zamani la Kimarekani, usihangaike na rangi wala vishikio. Hivyo hubadilishwa kila siku. Mvute mtoto wa meza, mgeuze ubavu, uangalie pale ubao wa mbele unapokutana na wa pembeni. Kama meno ya kiungo hayalingani, moja nene jingine jembamba, na alama ya msumeno imepitiliza mstari, hapo aliinama fundi na patasi yake. Lakini ukikuta nusu duara zimejipanga, kila moja na kijiti cha mviringo katikati, basi umekutana na Charles B. Knapp.

Bwana huyu alikuwa mtu wa Waterloo, Wisconsin. Viwanda vya samani vya zama zake vilikuwa na mashine za kupasua na kuranda, ila kiungo cha meno yanayopanuka kama mkia wa njiwa bado kilisubiri mkono kwa sehemu kubwa. Fundi mzuri alimaliza watoto wa meza 15 au 20 kwa siku. Knapp hakujitesa kuifundisha mashine kuiga patasi. Alijiuliza chuma kinachozunguka kinaweza nini, jibu likawa duara. Akapata hataza mwaka 1867, na kufikia 1871 mashine ilikuwa kiwandani, ikitoa 200 na zaidi kwa siku.

Kufikia 1900 kiungo hicho kilikuwa kimekwisha. Na hakikufa kwa ubovu! Mashine nyingine zilikuwa zimeshaweza kukata mkia wa njiwa, na wanunuzi walikuwa wameingiwa na mapenzi ya samani za mababu, wanataka kitu chenye sura ya kazi ya mkono. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kusikitisha: kiungo kilichokuwa wazi kuhusu asili yake kiliachwa, kikachukuliwa kile kinachoigiza.

Ruta (ya mbao jamani, si ile ya intaneti) ilikuja baadaye. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, R. L. Carter wa Syracuse, New York, alitengeneza ya umeme ya kushika mkononi. Inasimuliwa kwamba alianza na mota ya mashine ya kunyolea. Mwaka 1929 Stanley wakainunua biashara yake. Ukiifunga ruta kichwa chini chini ya meza, biti ikachomoza juu, mambo yanageuka: mashine inatulia, mbao ndiyo inayotembea. Kazi ya kiwanda ikaingia kwenye banda la fundi mmoja.

Watu husema hapo ndipo ufundi ulipokufa. Siafiki. Chukua jigi ya meno ya mraba, kile kiungo cha makasha. Ni kipande cha ubao kinachosukumwa mbele ya biti, kimepachikwa kijiti chenye unene sawasawa na upana wa biti. Nafasi kati ya kijiti na biti lazima iwe upana huohuo. Unakata jino la kwanza, unalivisha kwenye kijiti, unakata linalofuata. Tatizo ni kwamba kosa halibaki peke yake: nafasi ikizidi kwa unene wa karatasi, kila jino linanenepa kwa unene huo, na mbao mbili hazikubali kuingiana. Basi unasogeza kijiti kuelekea biti. Viungo vikicheza, unakisogeza mbali. Unajaribu kwenye vipande vya taka, vyenye unene uleule wa mbao ya kazi, mara tatu, mara nne, na nyuma ya ubao unaweka kipande kingine ili nyuzi zisinyofoke biti inapotoka.

Saa nzima inaweza kuishia hapo kabla ya kasha lenyewe kuguswa. Jicho, sikio na subira vimo vyote; vimehamia tu kwenye kutega. Kukata kwenyewe ni dakika chache, na meno yanatoka yamefanana mno hata ukimvuta mtoto wa meza huyo miaka 80 ijayo, hutajua ni ya fundi yupi.